Kifaru Alikuja, Kifaru Kilikuja

Pale Kyaka, hatua chache kutoka daraja la mto Kagera, nilisubiri gari la kwenda Mutukula kwa saa mbili na ushei. Kwenye benchi la kibanda cha chai alikuwa ameketi bibi mmoja na mjukuu wake wa kidato cha pili. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akafungua kifurushi cha jani la mgomba na kunikaribisha kahawa ya kutafuna, kama Wahaya wafanyavyo kwa mgeni. Tulianza na habari za mvua, tukaja kwenye bei ya ndizi, na haukupita muda tukawa tumefika mwaka 1978, vita ya Kagera na Uganda ilipoanza, maana kwa wazee wa upande ule mazungumzo yote yana njia ya kufika huko.

"Kifaru alikuja kwa barabara hii hii, kule ng'ambo kwetu," bibi akasema. "Yeye alikuwa mbele. Wenzake wakamfuata."

"Kilikuja, bibi," mjukuu akamrekebisha kwa upole. "Kifaru cha jeshi ni kilikuja. Mwalimu anasema ngeli ya ki-vi."

"Mwalimu wako alikuwepo?"

Kijana akanyamaza. Mimi nikatafuna buni yangu, nikajua nimepewa cha kufikiria mpaka Mutukula na kurudi.

Sarufi iko upande wa kijana, hilo halina ubishi. Mtangazaji wa redio akisema "vifaru vimevuka mpaka", hakuna anayetazamia pembe. Akisema "vifaru wamevuka mpaka", tunajua habari ni ya hifadhi ya wanyama. Silabi moja imebeba tofauti yote iliyopo kati ya nyama na chuma. Ndivyo ilivyo kwa ndege pia: wametua mtini, zimetua uwanjani. Majeshi ya mataifa mengi yameyapa magari yao majina ya wanyama, lakini Kiswahili hakikuachi uishie kwenye jina. Kila kitenzi unachotamka kinakudai useme kama kitu hicho kina uhai au hakina. Bibi alidaiwa na lugha yake, akalipa kadiri alivyoona kwa macho yake.

Neno lenyewe lina kila dalili ya jina la utani lililosahau kwamba lilikuwa utani. Mtu aliona kitu kizito, ngozi nene, pua mbele, kisicho na adabu ya kukwepa mti wala nyumba, akasema: faru huyu. Wenzake wakacheka, wakalichukua. Leo msemaji wa wizara ya ulinzi analitia kwenye taarifa rasmi bila kutabasamu. Na wapo waliompenda mnyama huyo mpaka wakamvaa: askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopigana Burma mwaka 1944 katika bonde la Kabaw wakipewa amri kwa Kiswahili, walikuwa na alama ya kichwa cha faru. Kwao faru alikuwa ni sisi. Kwa bibi wa Kyaka faru alikuwa ni wao.

Waingereza waliotengeneza chombo hiki hawakukipa jina kwa kukitazama. Walikipa jina la kukificha. Mwaka 1915, katika mji wa Lincoln, kiwanda cha William Foster kilichozoea kuunda mashine za wakulima kilikuwa kikiunganisha masanduku makubwa ya chuma, na ilibidi wafanyakazi na wapita njia waambiwe kitu. Wakaambiwa ni matangi ya maji ya kupelekwa Mesopotamia. Baadaye mengine yaliandikwa ubavuni kwa Kirusi kwamba yanakwenda Petrograd, yabebwe kwa uangalifu. Tarehe 15 Septemba 1916, pale Flers nchini Ufaransa, matangi hayo yalitoka kwenye ukungu na kuelekea mahandaki ya Wajerumani, na uongo wa kiwandani ukawa jina la kudumu. Zaidi ya miaka 100 imepita na Mwingereza bado analiita tangi. Sisi pia tunalo tangi: liko juu ya paa la nyumba, na ndani yake mna maji kweli. Mfaransa anakiita "char", yaani mkokoteni, neno ambalo sikio la Mswahili haliwezi kulisikia bila kusikia shari, na kwa mara moja sikio limepatia.

Hao hao waliodanganya, walipokaa na chombo chao, walilainika. Mfano wa kwanza uliotembea mwanzoni mwa 1916 waliuita Mama. Yale yaliyofuata waliyagawa jinsia: yenye mizinga yakawa madume, yenye bunduki za rashasha tu yakawa majike. Nimewahi kumsimulia mfugaji mmoja habari hii, akaniuliza kama yalizaa.

Hapo ndipo pa kuanzia, nadhani, kama mtu anataka kuyaelewa majina haya. Jina la utani la gari la vita halikuelezi sana juu ya gari. Linakueleza aliyelitoa alikuwa amesimama wapi: ndani, mbele yake, au kichakani pembeni akiomba lipite.

Aliye ndani analala humo, anapikia chai humo, na anajua huenda akafia humo. Mwishoni mwa 1941, kwenye jangwa la Libya na Misri, vikosi vya Waingereza vilipokea vifaru vyepesi vya Kimarekani aina ya Stuart. Walikuwa wamechoshwa na vifaru vyao wenyewe vilivyokuwa vikikatika minyororo na kuzimika njiani. Hiki kipya kilikwenda na kurudi, kikakata kona, kikawaka asubuhi bila kubembelezwa. Wakakiita Honey, yaani asali, neno ambalo kwao ni la kumwita mpenzi. Mzinga wake ulikuwa mdogo, wa milimita 37, na silaha za Wajerumani zilikuwa zikikitoboa, lakini dereva ambaye gari halimwangushi njiani hana habari na milimita. Dereva yeyote wa lori la Kigoma atakuthibitishia.

Basi sikiliza: Mwingereza kifaru chake alikiita asali, na Mswahili tangu zamani silaha kubwa ya kutupa risasi ameiita mzinga. Gogo lililotobolewa ndani, limetungikwa mtini, linavuma kwa nyuki. Aliyelitazama bomba lile la chuma lililo wazi upande mmoja hakuhitaji neno jipya, alikuwa nalo kwenye mwembe wake. Na aliyewahi kulina asali mchana bila moshi anajua kwamba mlinganisho huo haukuishia kwenye umbo.

Warusi nao walipokea Sherman za Kimarekani kiasi cha 4,000 wakati wa vita hiyo ya pili ya dunia, gari ambalo kwenye karatasi liliitwa M4. Nne kwa Kirusi ni "chetyre", hivyo herufi na tarakimu zikafupishwa zikawa Emcha, jina ambalo ungeweza kumwita binti wa jirani. Lakini mtu wa ndani si lazima awe mpole. Kabla ya Emcha walikuwa wamepelekewa aina nyingine ya Kimarekani, M3, ndefu kwenda juu, inayoonekana kutoka mbali, yenye kubeba watu saba. Kwa Kirusi kaburi la halaiki huitwa kaburi la kindugu. Hiyo M3 wakaiita kaburi la kindugu la watu saba. Naona hilo ndilo jina la utani la haki kuliko yote ninayoyajua: halikutukana, halikulalamika, lilihesabu viti.

Utani wa jeshini una mtindo wake wa kuendelezwa kama hadithi za sungura. Waingereza walipewa gari la kubebea mzinga wa milimita 105, na upande mmoja wa gari hilo palikuwa na kizimba cha duara cha mpiga rashasha kilichofanana na mimbari ya kanisani. Likaitwa Kasisi. Agosti 1944 kule Normandy, Wakanada walihitaji kitu cha kuwapitisha askari wa miguu katikati ya risasi, wakayang'oa mizinga makasisi hayo na kuwapakia watu mahali pake. Askari wakasema hawa sasa ni makasisi waliovuliwa majoho. Baadaye jina la Kangaruu likawashinda makasisi, kwa sababu kangaruu hubeba watoto wake mfukoni. Ukiyafuata majina hayo kwa mpangilio unapata historia nzima ya kampeni ile bila kufungua ramani.

Sasa toka nje, simama mbele ya kitu kinachokuja. Hapo jicho halikusaidii sana, maana umelala kifudifudi. Kinachofanya kazi ni sikio.

Julai 1941 pale Orsha, Wasovieti walifyatua kwa mara ya kwanza vitani roketi 16 zilizopangwa kwenye reli juu ya lori. Silaha ilikuwa ya siri, na askari wenyewe hawakuambiwa jina lake. Palikuwa na wimbo uliopendwa tangu 1938, muziki wa Matvei Blanter na maneno ya Mikhail Isakovsky, unaomhusu msichana Katyusha anayemngoja mpenzi wake aliye mpakani. Wakamwita Katyusha. Ni kama vile vijana wetu wangeliita lori la makombora kwa jina la binti wa kwenye taarabu. Upande wa pili wa uwanja, Wajerumani walisikia mngurumo unaopanda na kushuka kwa pumzi nyingi pamoja, wakaona mabomba yamepangwa safu, wakasema: kinanda cha Stalin. Lori lile lile, saa ile ile. Mmoja alisikia msichana anaimba, mwingine alisikia kinanda cha mazishi yake.

Mjukuu wa lori hilo alipita Afrika Mashariki. Ni BM-21, mirija 40 juu ya lori, kila mrija milimita 122, na yote inaweza kumwagwa kwa muda wa kama sekunde 20. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa nayo katika vita ya Kagera, nao watu wa Uganda wakaiita Saba Saba. Kwa Mtanzania, Sabasaba ni tarehe 7 Julai, siku iliyoanzishwa TANU mwaka 1954. Ni viwanja vya maonyesho vya Dar es Salaam, watoto wamevaa nguo mpya, aiskrimu inachuruzika mkononi. Kwa mtu aliyekuwa Masaka mwezi Februari 1979, mji ulipokuwa ukibomolewa nyumba kwa nyumba, saba saba ni kitu unachokihesabu ukiwa chini ya kitanda. Maneno mawili ya Kiswahili safi, yamevuka mto mmoja, na ng'ambo hayana aiskrimu.

Kiswahili kina ukarimu mkubwa kwa sikio. Pikipiki ilijitaja yenyewe, tingatinga vivyo hivyo, na askari wa enzi za Mjerumani waliipa bunduki ya rashasha jina la bombomu bila kumsumbua mtaalamu wa lugha. Hata katika amani desturi hii haijafa. Gari la polisi la kutawanya mikusanyiko, lile linalorusha maji ya kuwasha, mitaani Tanzania linaitwa washawasha, na sijawahi kukutana na aliyeomba afafanuliwe. Sikio halikuhusika hapo, ni ngozi iliyosema.

Jicho nalo lilipewa nafasi yake pale lilipokuwa na muda. Juni 1914 meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilitia nanga Dar es Salaam. Watu wakasimama ufukweni, wakatazama, wakahesabu, wakaiita manowari na bomba tatu. Jina refu, halina mashairi ndani yake, lakini ni la watu wanaofahamu vyombo vya baharini: unavitambua kutoka mbali kwa kuhesabu kinachosimama juu. Meli hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba mwaka huo, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na Julai 1915 ikaishia hapo matopeni. Mizinga yake 10 ikatolewa, ikafungwa magurudumu, ikaburutwa na mamia ya watu nchi kavu, manowari iliyogeuka mkokoteni. Mmoja uko Mombasa, mbele ya Fort Jesus, na watoto huupanda kupigwa picha. Bomba tatu zenyewe hazipo tena, ila katika jina.

Kuna kisa kingine cha vita hiyo ya kwanza ya dunia ambacho siwezi kukipita, ingawa nacho si cha nchi kavu. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha boti mbili za injini kutoka London mpaka Ziwa Tanganyika, kwa meli, kwa reli, kwa maksai, kupitia Kongo. Kamanda wao, Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa, hayo si majina ya vyombo vya Mfalme. Akapeleka mengine, Mimi na Toutou, wakayapitisha kwa kuwa yalikuwa na sauti ya Kifaransa. Kwa Mfaransa, mimi ni kipaka na toutou ni kijibwa. Wakubwa hawakujua hilo, na kamanda hakujua la pili: kwamba boti yake sasa inaingia kwenye ziwa ambalo pwani zake zinasema Kiswahili, na mlinzi wa gati akiuliza usiku ni nani anakuja, jibu la ukweli litakuwa "Mimi."

Majina ya wakubwa, yale yanayotoka ofisini na kupigwa mhuri, huwa hayana ucheshi wa namna hiyo. Wajerumani wa vita ya pili walipanga bustani nzima ya wanyama wakali, Chui na Simbamarara na kadhalika, majina yaliyokusudiwa kutisha na yanayotisha. Mara moja tu naona ofisi ilicheka: gari lao la tani 188, zito kuliko kifaru chochote kilichowahi kuundwa, lilipewa jina la Panya. Mawili tu yaliundwa. Afrika Kusini ya ubaguzi nayo ilijaza kambi zake wanyama wa porini, na kutoka huko ndiko lilikotoka gari la Mamba, ambalo jeshi la Uganda limelitumia kwa miaka mingi. Aliyelibatiza alikuwa na nyoka mawazoni. Liliposhuka kwenye nchi za Waswahili nyoka akaota miguu minne na magamba, akaingia mtoni, maana kwetu mamba ni yule wa kukamata ng'ombe anapokunywa maji. Jina la ofisini huendelea kuishi hivyo, likiwa halijui kwamba limeshageuzwa na wanaolitamka.

Narudi kwa faru, kwa sababu mkasa wake haufanani na wa wengine. Jina la utani huazimwa kutoka kwa mwenyewe, na mwenyewe huendelea na maisha yake. Simbamarara hawakupungukiwa kitu kwa sababu ya Wajerumani. Lakini faru weusi wa Afrika walikadiriwa kuwa 65,000 mwaka 1970, na katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamebaki chini ya 2,500, wameuawa kwa ajili ya pembe, wengine kwa bunduki zilizoachwa na vita. Kwa hiyo kijana wa kidato cha pili ameviona vifaru vya chuma mara mia kwenye simu, vya Ukraine, vya Gaza, vya Sudan, na mnyama hajamwona hata mara moja. Kwake mnyama ndiye mwenye jina la kuazima. Sikilizeni pia jinsi tunavyowataja waliobaki. Aliyezua mjadala mzima wa kitaifa mwaka 2016 alikuwa Faru John, na ajuza wa Ngorongoro aliyekufa Desemba 2019 akiwa na miaka 57 alikuwa Faru Fausta. Hakuna aliyesema Kifaru Fausta. Nadhani ki- ile imeshachukuliwa na jeshi, na mnyama ameachiwa kipande cha jina lake kilichobaki, kama mtu aliyepokonywa nyumba akabakizwa kwenye banda la uani.

Gari langu lilikuwa limeanza kupiga honi. Nikamuuliza bibi haraka, kwa nini hasa anasema alikuja.

Akasema siku ile asubuhi walisikia watu wakikimbia kutoka upande wa Mutukula, wakipiga kelele: vifaru! vifaru! Yeye hakuwa amesikia neno hilo likitumika kwa kitu kingine zaidi ya mnyama. Alikuwa mama mwenye umri wa miaka 20 na kitu, mtoto mgongoni. Marehemu baba yake, ambaye aliwinda, alimfundisha kwamba faru haoni mbali na hatazami juu, kwa hiyo ukimkuta usishindane naye mbio, tafuta mti. Basi akatafuta mti. Akapanda mwembe na mtoto wake mgongoni, akakaa kwenye tawi akingoja wanyama wapite.

"Wakapita?" mjukuu akauliza. Ilionekana hajawahi kuisikia sehemu hiyo.

"Wakapita chini yangu kabisa. Mti unatetemeka, maembe mabichi yanadondoka, yanamgonga mgongoni, ko, ko. Nikasema huyu faru mbona ana mlango?" Akatema ganda la buni kwenye kiganja. "Mlango uko wazi, na ndani kijana amekaa. Mdogo, hata ndevu hana. Amevua shati kwa joto. Anakula ndizi."

"Ndizi gani?"

"Zetu," bibi akasema. "Za pale kwa jirani. Nilizijua."

Utingo akanishika mkono kunipandisha.